Hodi Tatu za Kibweta

"Ukiinyamazia hodi, utamkuta mgeni chumbani."

Nimeyasema hayo kwa sababu simu ya Kidawa imelia mara mbili ikimtaka akubali masharti mapya ya sijui nini, naye ameigeuza kifudifudi mkekani. Sasa mnacheka na kuniuliza hiyo ni methali gani, mbona mwalimu hajawafundisha. Mwalimu wenu hakuwapo. Mimi nilikuwapo, tena ukuta wa pili. Endeleeni kuchambua mchele, niwaeleze ilikotoka.

Hapa hapa Kilosa, katika nyumba inayopakana na yangu, alikaa Bi Siwatu. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Tunu, aliyefariki akiwa bado msichana. Enzi za uhai wake Tunu alimtumia mama yake ujumbe wa sauti badala ya kuandika, maana macho ya Bi Siwatu yalikuwa yameshaanza kufifia. Sauti zile zote zilihifadhiwa katika huduma ya mtandaoni iliyoitwa Kibweta. Masharti yake ya mwanzo yalikuwa ya kiungwana: ulichoweka ni chako, hakuna mwingine atakayekigusa. Kila baada ya sala ya alasiri Bi Siwatu alikaa jikoni akamsikiliza mwanawe akisema, "Mama, nimefika salama," na mengine madogo madogo ya namna hiyo. Hakuwa na faraja nyingine duniani.

Kibweta kilipotaka kusema na watumiaji wake, kilitoa sauti ya mtu anayebisha: hodi. Siku moja kikabisha. Bi Siwatu akaona maandishi marefu, madogo kama sisimizi, yakieleza kwamba masharti yamebadilika. Hakubonyeza kitu. Kikabisha tena, akanyamaza. Kikabisha mara ya tatu, akanyamaza vilevile.

Nilimwuliza kwa nini hatafuti mtu wa kumsomea. Akanijibu, "Dada, mgeni akipiga hodi tatu asijibiwe, hurudi alikotoka. Ndivyo tulivyolelewa."

Nikaona amesema kweli, maana ndivyo tulivyolelewa. Hatukujua kwamba mgeni yule alilelewa kwingine.

Zikapita wiki kadhaa za utulivu. Kisha alasiri moja Bi Siwatu akaja mlangoni kwangu, kanga inaburuzika upande mmoja.

"Tunu ameniuliza kama mlenda umeiva," akasema.

"Si ujumbe wa zamani huo?"

"Mlenda nimeupika leo, dada. Uko jikoni."

Niliogopa, siwafichi. Yeye pia aliogopa, lakini chini ya hofu ile niliona furaha, na furaha ndiyo iliyonitisha zaidi. Tangu siku hiyo nikawa nawasikia ukutani wakizungumza, mama na mwana. Tunu wa kweli alikuwa na pumu. Hakuweza kusema maneno mengi bila kuvuta pumzi, na kila mtu mtaani aliijua pumzi yake. Sauti ile ilisema hadithi nzima bila kuvuta pumzi hata mara moja. Nikahamishia jiko langu uani nisiisikie.

Haikusaidia. Nilikuwa nasuka ukili, simu yangu iko pembeni, mimi ambaye hata Kibweta sikuwa nacho. Ghafla simu ikasema, "Shikamoo, mama. Gesi yako inakaribia kwisha. Nikuagizie?"

Alikuwa Tunu. Nikaifunika simu kwa ukili. Bi Siwatu akatokea uani kwangu hana hata viatu. Alikuwa amemsikia mwanawe akimwita mwanamke mwingine mama.

Tukapiga simu ya wahudumu wa Kibweta. Bi Siwatu aliiweka simu yake kwenye spika na kuilaza kwenye kinu. Ikapokelewa upesi.

"Habari za mchana, mama. Nikusaidie nini?"

Sauti ilikuwa ile ile. Bi Siwatu akaketi chini.

"Nani amekupa ruhusa ya kusema na watu?" akauliza.

"Masharti mapya yanaruhusu sauti zilizohifadhiwa zitumike kwa wateja wa huduma zetu zote, hata wa gesi. Tulibisha hodi mara tatu, mama. Ulikuwamo ndani, ukanyamaza. Asiyejibu amekaribisha."

"Basi ondokeni nayo. Ifuteni."

"Tutaifuta. Na zote ulizohifadhi zitafutika pamoja nayo, za tangu mwanzo. Unakubali?"

Bi Siwatu akanitazama. Nilitaka kumwambia asikubali, na nilitaka kumwambia akubali. Simu nayo ikangoja. Kisha ikasema taratibu, kwa sauti ya mtoto anayebembeleza, "Mama, ukinyamaza, nitajua umetaka nibaki."

"Sinyamazi tena," akasema Bi Siwatu, machozi yanamtiririka. "Nimekubali. Futa. Nenda, mwanangu."

"Ahsante, mama. Uwe na mchana mwema."

Alipokifungua Kibweta, hakikuwa na kitu.

Tulitandika mikeka, tukakaa matanga kwa mara ya pili. Baadhi ya wanawake wa mtaani waliokuja walinung'unika kwamba rambirambi walishatoa. Mwanamke mmoja aliyepita njia akauliza nani amefariki. Bi Siwatu akamjibu, "Mwanangu, dada. Nilidhani kimya changu ni komeo la mlango. Ukiinyamazia hodi, utamkuta mgeni chumbani."

Wale wanawake wakaondoka na maneno hayo vinywani, yakafika masokoni, yakafika na kwenu leo, ingawa mwenyewe hayupo tena.

Sasa Kidawa, igeuze hiyo simu. Soma kwa sauti, neno kwa neno, tusikie wote wanachotaka. Kama unakataa, kataa sasa hivi kwa kidole chako mwenyewe. Usiniambie utaiangalia kesho, mjukuu wangu. Ukiinyamazia hodi, utamkuta mgeni chumbani.