Mwanangu wa Mdomoni

Wapendwa, leo nina habari ya binti mmoja, na msiniulize alikuwa wa kanisa gani.

Binti huyo alilelewa na mzee mwenye mashine ya kusaga. Mama yake mzazi alikuwa akiuza uji kwenye baraza ya mashine hiyo hiyo, akaugua, akafa, na hakuna ndugu aliyejitokeza kumchukua mtoto. Mzee alikuwa amefiwa na mke na hakujaliwa kuzaa. Akamchukua, akamvika, akamsomesha, na tangu siku ile akawa anamwita mwanangu. Mteja akija na debe lake la mahindi atasikia, "Mwanangu, mpimie mama huyu." Mtoto akakua akijua ana baba. Wewe ungejua nini zaidi?

Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, binti ndiye aliyeshika mashine. Asubuhi anasaga, mchana anampikia, jioni anamkanda miguu. Walikaa kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya mashine, na kiwanja chote kilikuwa na hati kwa jina la mzee.

Jumapili moja kanisani kwao alikaribishwa mwanasheria afundishe habari za mirathi, viwanja na biashara. Mnayajua mafundisho ya namna hiyo. Ndiyo yale ambayo watu hutoka nje kupokea simu ambazo hazikuita. Ibada ilipokwisha, mwanasheria akamfuata mzee.

"Mzee wangu, umeandika wosia?"

"Kwani unaniona nimeshaanza kunuka?" Watu wakacheka.

"La, mzee, Mungu akuzidishie. Lakini binti huyu hukumzaa, wala hujamwasili mahakamani awe mwanao kisheria. Ukiondoka bila maandishi, sheria haimjui. Njoo ofisini na mashahidi wako, ni kazi ya asubuhi moja tu."

Mzee akakunja uso. "Huyu ni mwanangu, mji mzima unajua. Nikianza kumwandikia karatasi, si ndiyo nitakuwa namwambia kwamba si mwanangu?"

Binti alikuwa amesimama hapo hapo, amemshikia baba yake fimbo. Tuseme kweli, maneno yale yalimpendeza. Nani asiyependa kutajwa hadharani kuwa ni wa mtu? Lakini njiani hofu ikamwingia. Akataka kusema, "Baba, nenda tu kwa yule mwanasheria." Akafungua kinywa, akakifumba. Kwetu mtoto anayeulizia wosia anamchimbia baba yake kaburi. Sasa mtoto wa kuokotwa akiulizia, watamsemaje? Si watasema alikuwa anasubiri? Akaenda kuchemsha chai.

Mzee akafa wakati wa masika, amekaa kwenye kiti chake mlangoni pa mashine. Binti alimlilia mpaka sauti ikamkauka.

Marehemu alikuwa na mdogo wake aliyeishi mbali. Mazishi aliyachelewa, lakini kikao cha ukoo hakukichelewa. Kikao kikampendekeza awe msimamizi wa mirathi, na binti akaambiwa atafute pa kwenda. Akapinga mahakamani. Hakimu akamuuliza kwa upole kabisa: aliasiliwa? Kuna wosia? Kuna chochote alichopewa kwa maandishi?

"Mheshimiwa, aliniita mwanangu," binti akasema. "Muulizeni mtu yeyote."

Majirani wakaitwa, wakakiri kwamba ni kweli. Ndipo baba mdogo akasimama.

"Mheshimiwa, sikatai, kaka alimwita mwanangu. Hata mimi, kijana wa bodaboda aliyenileta leo nimemwita mwanangu. Naye nimgawie nyumba?"

Watu wakacheka. Wakacheka, wapendwa, wakiwemo wale waliokunywa uji wa mama yake. Hakimu akampa baba mdogo usimamizi, na shauri likaisha hivyo.

Siku ya kukabidhi ikafika. Mashine ile ilikuwa na ukorofi wake: usipouzungusha mkanda kwa mkono kwanza, haiwaki. Baba mdogo akahangaika nayo, ikagoma. Akamwita binti, ambaye alikuwa ameshabeba begi lake na yuko barabarani. Binti akarudi. Akaweka begi chini, akauzungusha mkanda kama alivyofundishwa na baba yake, mashine ikanguruma. Kisha akatoa funguo, akampa.

"Asante sana, mwanangu," baba mdogo akasema.

Sasa niambieni, nani alimfukuza binti yule? Naona macho yenu yanamtafuta baba mdogo. Mwacheni. Roho yake ni mbaya, nakubali, lakini hakughushi kitu, wala hakusema uongo hata neno moja. Aliyemtoa binti nje ni mzee aliyempenda. Alimtoa Jumapili ile, akiwa mzima, akili zake timamu, na miguu ya kumfikisha kwa mwanasheria anayo.

Ndugu zangu, sisi tuna midomo mitamu. Mwanangu tunamwita mtoto wetu, na mtoto wa jirani, na muuza karanga stendi. Neno hilo tunaligawa bure, ndiyo maana mahakamani halikununua hata tofali. Mwingine hapa amenunua kiwanja kwa jina la shemeji yake, eti wanaaminiana. Mwingine ana duka la ubia na rafiki, na makubaliano yao yote yako kichwani. Ukimgusa anakwambia kuandika wosia ni kujitabiria kifo. Haya, nitajieni mtu mmoja ambaye hakuandika na mpaka leo hajafa.

Tunasema tunapenda. Nami nasema, upendo unaoona aibu kutia saini unamwachia mwenzako kilio na begi. Hasira yangu leo si kwa wanaopora. Ni kwetu sisi tunaopenda halafu tunaona uvivu.

Kesho ni Jumatatu, ofisi zinafunguliwa. Lakini leo, ukifika nyumbani ukabisha hodi, mtazame vizuri huyo atakayekuja kukufungulia. Siku yako ikishafika, atakuwa bado na mlango wa kufungua?