Relini Hapana Mkwe

Jana mlimsikia dereva wa lori akimwambia tajiri yake, "Relini hapana mkwe, mzee, shuka." Yule tajiri akashuka na kitambi chake, akavuka reli kwa miguu, lori likafuata nyuma. Ninyi mkacheka. Leo mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka pale pale kivukoni mlipokuwa mmesimama. Nami nilikuwepo yalipotamkwa mara ya kwanza, maana wakati huo nilikuwa nauza karanga ng'ambo ya reli.

Palikuwa na fundi cherehani aitwaye Mihayo. Alinunua gari dogo jeupe kwa mtu aliyekwisha kulichoka. Mwenye gari bovu hana siri: mtaa mzima tulijua kwamba stata imekufa, mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani, na gari likizima haliwaki mpaka lisukumwe. Gereji walitengeneza hiki, kikaharibika kile. Tukimcheka, anatujibu, "Kibaya chako si chema cha mwenzio."

Kivuko hakikuwa na geti wala taa, kibao tu kilichoandikwa SIMAMA. Mihayo hakusimama hata siku moja. Alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akapita. Tulimwonya mpaka tukachoka. Jibu lake lilikuwa moja: "Nikisimama likazima, nani atanisukuma?"

Basi mama mkwe wake, Mama Kalunde, akavimba magoti, ikabidi apelekwe hospitali. Ninyi siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu. Zamani hapa kwetu Unyamwezi mwanamume hakumtazama mama mkwe usoni wala hakusema naye ana kwa ana, sembuse kumgusa. Kwa hiyo Mama Kalunde aliketi nyuma, kanga imemfunika kichwa, na binti yake Mwashi, mke wa Mihayo, akaketi mbele kuwapelekea maneno.

Walipokaribia kivuko Mihayo alijua linalopasa: asimame, asikilize, abiria washuke wavuke kwa miguu. Lakini aibu ikamshika. Mama mkwe ashushwe barabarani, magoti yamevimba, kisha aone mkwewe anavyosukumwa? Akakanyaga mafuta. Gari likapanda tuta, likakohoa, likazima katikati ya reli. Wakati huo huo tukasikia honi ya treni kutoka konani.

Mwashi akaruka nje, akafungua mlango wa nyuma.

"Mama, shuka!"

"Magoti hayanyanyuki. Nivute."

Akamvuta. Mwashi alikuwa mwembamba na mama yake mwanamke wa mwili. Hakusogea hata kidogo. Mihayo naye alikuwa amesimama mbele ya gari, amewapa mgongo kwa adabu.

"Mwambie mama ajitahidi!" akapaza sauti.

"Mama, anasema ujitahidi."

"Mwambie siwezi."

"Anasema hawezi!"

Mimi nilikuwa ng'ambo na mtoto mgongoni, nikapiga yowe mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa na hofu, na hasira pia, nisiwafiche. Treni imeshatokea, breki zinalia, na treni yenye mzigo haisimami kama baiskeli. Nao bado wanatumiana maneno!

"Mume wangu, mshike wewe!" Mwashi akalia.

"Nimguse mama? Mimi?"

Ndipo sauti ikatoka ndani ya gari, ya mwanamke ambaye hakuwahi kumwambia Mihayo neno hata moja tangu amwoze binti yake.

"Mihayo! Relini hapana mkwe! Nishike!"

Mihayo akageuka. Akamkumbatia, akamng'oa kitini, wakabiringika wote wawili chini ya tuta, kanga huku, viatu kule. Mwashi akawafuata mbio. Treni ikaligonga gari, ikaliburuta mpaka likawa si gari tena.

Mama Kalunde alikaa kwenye kokoto kichwa wazi, akilia. Mihayo alimwokotea kanga, akampa huku ametazama pembeni. Naye alikuwa analia, wala si kwa sababu ya gari.

Jioni wazee wa ukoo wakaja kudai mbuzi, maana mkwe ameguswa na mila zina faini yake. Mama Kalunde hakumtuma mtu kuwajibu. "Mbuzi wa kuguswa mmemkumbuka upesi," akasema. "Na wa matanga yangu mngemdai nani?" Wakaaga wakaondoka.

Tangu siku hiyo watu wakaishika kauli yake. Wengi hudhani inahusu kule kushikwa tu, kwamba hatari ikifika heshima iwekwe kando. Ni kweli, lakini si yote. Kilichotaka kumwua Mama Kalunde ni ile aibu ya mwanzo, ya kushindwa kumwambia mtu mzima, "Shuka, gari langu ni bovu." Mihayo alilielewa hilo kuliko sisi sote.

Baadaye alipata gari jingine, nalo bovu vilevile. Mazoea yana tabu. Siku ya kwanza kufika nalo kivukoni na mama mkwe ndani, nilimwona kwa macho yangu. Alisimama penye kibao. Gari likazima. Akageuka nyuma, akamtazama Mama Kalunde usoni mbele yetu sote, akasema, "Mama, shuka. Relini hapana mkwe."

Mama Kalunde, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha pona, akashuka, akatazama reli kushoto na kulia, kote kweupe. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaenda nyuma ya gari, akasukuma pamoja nasi.