Glavu za Bwana Surua

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Paukwa!"

"PAKAWAAA!"

Hapo sawa. Leo simleti sungura wala fisi. Viumbe wangu wa leo hawaonekani kwa macho. Wanaishi mwilini mwa mtoto mmoja, Sikudhani, kwenye tezi za shingo. Hapo ndipo mtaa wa mafundi cherehani, seli B za kinga ya mwili, waliozaliwa kwenye uboho wa mifupa. Kila fundi kajaliwa mshono mmoja tu. Mdogo wao, Kibibi, alijua kushona glavu za vidole vilivyopinda, na tangu azaliwe hajapata mteja. Wenzake walimcheka mpaka basi.

Siku moja akaingia kirusi, Bwana Surua, na genge lake. Lo, tamaa ile! Mikono yake ndiyo funguo zake: akigusa mlango wa seli, kacha! Anaingia, anakula, anazaa, anahamia wa pili. Sikudhani akawaka homa.

"Nikitoka hapa naenda mapafuni," Surua akatamba. "Na mtoto huyu haamki tena!"

Kibibi akawaza: mtoto akifa, na wao wamekwisha. Meno hana, kucha hana. Akaitazama mikono ya Surua. Vidole vimepinda!

"Shikamoo, bwana mkubwa. Mikono mizuri hivyo, waenda nayo mapafuni mitupu? Nikushonee glavu."

"Marahaba. Wewe kidude, unaweza?"

"Lete nikupime." Akapima. Mshono ukamkaa barabara.

"Lini?"

"Njoo kesho."

Kibibi akajigawa. Mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne, wakajaa mtaa mzima. Tiriri, tiriri, tiriri!

Surua akaja. "Fundi, tayari?"

"Bado vifungo, bwana mkubwa. Njoo kesho."

Tiriri, tiriri, tiriri!

Akaja tena. "Fundi, tayari?"

"Umeme ulikatika. Njoo kesho."

"Mafundi waongo nyie!" Akaenda kuvunja milango mingine. Huko nje mama yake Sikudhani alikuwa akimkanda mwanawe kwa kitambaa cha maji. "Vumilia, mwanangu," anamwambia. Kibibi alimsikia. Machozi yakamlenga, akazidi kukanyaga cherehani.

"Tayari!" Glavu zikamwagika damuni, kila moja ina mkia.

"Mkia wa nini?" Surua akauliza.

"Ndiyo fasheni, bwana mkubwa."

Genge zima likavaa, likaringa, likaenda mapafuni. Wakagusa mlango: teleza! Wakagusa mwingine: teleza!

"Fundi! Zinabana! Hazivuliki!"

"Zinabana? Ndiyo saizi yako hiyo."

Akapita Bi Mlafi, seli anayemeza takataka za mwili. Akavuta mkia mmoja, ngwala! Wa pili, ngwala! "Leo mmewatia na vishikio!" akasema, kinywa kimejaa.

Homa ikashuka. Sikudhani akaomba uji. Wale waliomcheka Kibibi wakaja kumpa mkono, naye akasimama katikati ya mtaa, kidevu juu.

"Fundi wa Surua ni mimi," akasema. "Mwingine hayupo."

Sikudhani alipokuwa mwari, nduguye Surua, mwenye mikono ileile, naye akaja. Hata hodi hajamaliza, Kibibi huyo mlangoni. "Zako hizi hapa, zimeshonwa zamani. Vaa."

Hadithi nimeikata uzi. Anayeitaka aivae, isipomkaa anirudishie.

Na funzo lake? Fundi akikuzungusha njoo kesho, njoo kesho, mshukuru. Atakayekupa nguo yako siku ileile aliyoahidi, mkimbie: huyo hakutakii mema.