Kibao cha Themanini

Hapo zamani za juzi tu, lami ilipokwisha kufika Chiwondo, aliyempelekea Nyemo habari mbaya ni wifi yake, Matika. Alimkuta shambani akichuma mboga ya mlenda. Hakusalimia.

"Wifi, weka kapu chini. Semeni amegongwa."

Semeni alikuwa binti wa kwanza wa Nyemo. Wanawake wa Chiwondo walianika mlenda ukingoni mwa lami, maana pale hukauka upesi na haushiki vumbi, na watoto ndio waliofukuza mbuzi. Siku hiyo mbuzi alikimbilia barabarani, Semeni akamfuata, lori likamgonga. Walimzika jioni ile ile.

Matanga yalipokwisha, dereva wa lori na injinia wa barabara walikuja kuhani. Watu wakaketi uani kwa Nyemo, ikasemwa kosa ni la nani.

Dereva, jina lake Sudi, alisema akiitazama miguu yake, "Mama, kibao kilisema themanini, nami nilikwenda themanini. Kule nyuma kiliposema hamsini, nilikwenda hamsini. Mimi mgeni, ningejuaje?"

"Kwa macho," Matika akamjibu. "Mlenda hukuuona?"

"Niliuona, dada. Nikadhani ni mlenda tu."

Injinia Temba akasema, "Namba siitoi kichwani. Penye nyumba na watu wanaovuka tunaweka hamsini. Penye pori, barabara imenyooka, tunaweka themanini. Nilikaa hapa kutwa nikihesabu wanaovuka. Nyumba zenu ziko ndani, huko nyuma ya miti, na hata mtoto mmoja sikumwona. Ningeweka ngapi?"

Watu wakamgeukia mwenyekiti wa kijiji, Mzee Chedego. Mzee akakohoa.

"Niliwaficha mimi. Niliposikia wageni wa serikali wanakuja, nikaamuru barabara ifagiwe, mlenda uanuliwe, watoto wafungiwe ndani. Niliogopa wangesema tumevamia eneo la barabara, watubomolee. Nilikuwa nalinda nyumba zenu."

"Na tulikushukuru," Matika akasema. "Tukakupigia na makofi."

Nyemo hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Alivuta kanga yake mpaka kidevuni, akasema polepole, "Kibao nilikiona kikisimikwa. Nimefika darasa la saba, themanini naisoma. Nikaendelea kumtuma Semeni barabarani."



Mwisho injinia akasimama. "Kesho nitahesabu upya. Lakini nahesabu ninachokiona. Nikiikuta barabara tupu tena, kibao kitabaki vile vile."

Akina mama wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na mtoto nyumbani, na hakuna aliyetaka wa kwake asogee tena kwenye ile lami. Wakaondoka mmoja mmoja, bila kuagana.

Kesho yake asubuhi, Nyemo alimwosha uso mwanawe aliyebaki, Mbeleje, akamvika shati safi. Akamshika mkono, wakaenda kusimama ukingoni mwa barabara ili wahesabiwe. Lori likapita, upepo wake ukamyumbisha mtoto. Nyemo akaukaza mkono wake, wala hakurudi nyuma.

Haya, ninyi mliosikia: dereva alitii kibao, injinia alihesabu alichokiona, mwenyekiti alilinda nyumba, mama alituma mtoto kazi ya kila siku. Je, kati yao, kifo cha Semeni mngemtwika nani?