Alama Nyeupe ya Tumpe

Soma taratibu, kisha mtumie dada yako, mama yako, na yule shangazi anayejifanya haumwi kamwe.

Katika kijiji kimoja cha wafinyanzi, kandokando ya Ziwa Nyasa, aliishi mama mmoja aitwaye Subilaga. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na mikono iliyokakamaa kwa udongo. Vyungu vyake vilisifiwa mpaka ng'ambo ya milima. Mwenyewe alijua kwamba vinasifiwa, wala hakujisumbua kuficha.

Binti yake mkubwa, Tumpe, alikuwa na miaka thelathini. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Gwamaka, wa miaka miwili, ambaye alimpata baada ya kumngoja miaka saba.

Siku moja manesi walikuja kijijini kupima saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo chenyewe ni chepesi: nesi anapaka siki, siki ya kawaida kabisa, halafu anatazama kama patatokea weupe. Wanawake mia moja na sitini walipimwa. Kumi na wanne waliambiwa wana alama, na Tumpe alikuwa mmoja wao.

Nesi alimweleza vizuri kwamba alama si ugonjwa, akampa karatasi aende nayo hospitali ya wilaya akapimwe zaidi. Lakini nani husikia maneno yanayofuata akishasikia neno saratani?

Tumpe hakwenda hospitali. Alirudi nyumbani akaanza kujiandaa kufa. Vitenge vyake vizuri akawagawia wadogo zake. Kisha akamwachisha Gwamaka kunyonya, akampeleka kwa mdogo wake Sekela akae huko moja kwa moja. Watu walipouliza, alisema mtoto amezidi kudeka.

Subilaga hakudanganyika. Alimfuata nyumbani kwake, akamkuta amekaa mlangoni na fulana ya mtoto mapajani, anaikunja na kuikunjua. Akamuuliza kwa upole, na mambo yote yakatoka.

"Nataka amzoee mama mwingine mapema," Tumpe alisema. "Nikiondoka asilie sana."

Hapo Subilaga alilia. Sitakuficha, hata mimi ninayekuandikia nililia. Kisha akajifuta uso, akamshika binti yake mkono, akaenda naye uani kwake, ambako vyungu vilivyochomwa wiki ile vilikuwa vimepangwa.

Wafinyanzi wa pale hukipima chungu kwa kukigonga kwa kidole. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa wa ndani, usioonekana kwa macho, hutoa sauti nzito. Subilaga akaanza kugonga, kimoja baada ya kingine, na vinane vikatoa sauti nzito. Akamuuliza Tumpe maana yake. Tumpe, aliyekulia katika kazi hiyo, akasema hivyo vinane vina ufa.

Subilaga akamsimulia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu kwa sababu ya aibu. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa, wakati wa masika, aliachiwa vyungu avipime peke yake. Thelathini vilitoa sauti nzito. Akaanza kuvivunja ili mama mkwe asimwone mzembe. Alikuwa amekwisha kuvunja ishirini mama mkwe aliporudi na kumnyang'anya mti mkononi. Kumi vilivyosalia vikaanikwa juani siku tatu, vikagongwa upya. Tisa vililia vizuri kabisa.

"Chungu kilichonyonya unyevu nacho hutoa sauti nzito," alisema. "Vyenye ufa ni vichache sana, vyenye unyevu ni vingi. Kwa hiyo nikisikia sauti nzito, mara nyingi ni unyevu tu. Sikivunji, wala sikipeleki sokoni. Nakianika, halafu nakigonga tena."

"Na kikirudia sauti ileile?"

"Hapo nitajua la kufanya. Leo sijui, na wewe mwanangu hujui. Kesho twende hospitali, nitakusindikiza."

Wakaenda. Mlangoni kwa daktari nesi aliomba karatasi ya kijijini, na Tumpe akatoa yake. Ndipo Subilaga naye akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama ukucha. Naye alipimwa siku ileile. Naye alikuwa na alama. Wiki nzima alikuwa akitembea nayo kiunoni bila kumwambia mtu.

Wote wawili walikatwa kipande kidogo sana cha nyama ya mlango wa kizazi kikapimwe, wakaambiwa warudi baada ya wiki tatu. Wale wanawake wengine kumi na wawili nao walikwenda, kwa sababu Subilaga alipita nyumba kwa nyumba akiwagombeza.

Majibu yalipotoka, kumi na watatu hawakuwa na ugonjwa wowote. Tumpe alikuwa miongoni mwao.

Aliyebaki alikuwa Subilaga.

Daktari alieleza kwamba haijawa saratani bado. Ni mabadiliko ambayo yakiachwa kwa miaka yanaweza kuwa saratani, ila yakitibiwa mapema kama sasa, mtu hurudi nyumbani kwa miguu yake siku hiyohiyo.

Subilaga akapanda kitandani atibiwe palepale. Tumpe alisimama kando yake, machozi yanamtoka.

"Mama, kama mimi nisingekuwa na alama, ungekuja?"



"Nisingekuja," Subilaga alisema. "Niliogopa kuliko wewe. Nilikuja kwa ajili yako."

Tumpe aliushika ule mkono mgumu mpaka daktari alipomaliza. Jioni wakapita kwa Sekela kumchukua Gwamaka. Mtoto alikuwa amenuna, akakataa kabisa kubebwa na mama yake. Tumpe hakumlazimisha. Alikaa chini karibu naye, akangoja, mpaka mtoto mwenyewe alipokuja kumlalia mapajani.

Funzo: Kipimo cha kwanza kikikuonyesha una alama, hakijakuhukumu, kimekuomba ukapimwe tena. Wenye alama ni wengi na wenye ugonjwa ni wachache, na huwezi kujua uko upande gani kwa kukaa nyumbani. Usijizike kabla ya wakati, na usiifiche karatasi yako.