Jina Moja Chini ya Picha

Sogeeni. Nina kesi imenishinda, mwenye akili aiamue.

Tukuyu mvua hazikatiki, nyota unaziona kwa bahati. Basi watu watatu wa kikundi kimoja cha huko walitumia darubini iliyo jangwani, mbali kabisa, inayojiendesha yenyewe: unaipelekea namba za mahali angani, unalala zako, asubuhi unakuta picha kwenye kompyuta. Sekela alituma namba. Ambakisye alitunza picha. Tumpe alizisafisha.

Sekela alimzika bintiye, Lusajo, mwezi wa tatu. Hakulia. Watu wakasema ana moyo mgumu, wala hawakujua kwamba hata chai haikuwa na ladha kinywani mwake. Wiki hiyohiyo akatuma namba, akakosea tarakimu moja. Darubini haiulizi, ikapiga picha palepale ilipoelekezwa, moja kila usiku, siku arobaini, giza tupu.

Sheria ya kikundi ni kwamba picha tupu inafutwa. Ambakisye akagoma. "Ikishapigwa imepigwa. Sifuti!" Wakamwita mbishi, wakamtoa kikundini. Akaondoka na zile picha zote arobaini.

Tumpe macho yanakwisha. Daktari amemwambia ataona mpaka Krismasi tu. Alimfuata Ambakisye, akaziomba zile picha, akazipandanisha moja juu ya nyingine, siku tisa. Mle gizani likatokea wingu jekundu, jembamba, la huko kwenye nyota, ambalo hakuna aliyewahi kulipiga picha.

Sasa picha inaingia kwenye maktaba ya picha za anga, dunia nzima itaiona. Ila maktaba inapokea jina moja tu chini ya kila picha, na likishatumwa halibadilishwi.

"Liwe la Lusajo," Sekela alisema, kama anayesoma orodha ya sokoni. "Bila kosa langu mngelipata wapi?"

"Na bila ubishi wangu?" Ambakisye akauliza. "Mlinifukuza, dada. Jina langu likikaa pale, watanirudisha wenyewe."

Tumpe alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. "Mimi sitasafisha nyingine, jamani. Hii ndiyo ya mwisho."

Nywila ya kuingilia maktaba anayo Sekela. Akaandika Lusajo, akafuta. Akaandika Ambakisye, akafuta. Akaandika Tumpe, akafuta. Vidole havikuhisi tofauti yoyote, na hilo ndilo lililomtisha: jina la mwanawe lilikuwa herufi sita tu. Nafasi ya jina ikabaki wazi, na maktaba inaacha kuipokea kesho saa sita mchana.

Haya, semeni! Wewe ungeandika jina la nani? Na hao wengine, ungewaambia nini?