Chui Aliyebaki na Jina

"Ghala limejaa, sawa. Lakini tukitoa vya watu, vyetu wenye hisa ni vipi?"

Kanga ndiye aliyeuliza, kwenye mkutano wa mwaka ghalani mwa Chui, mbele ya wote. Mnataka jibu? Basi nipigieni kofi.

Kofi!
— Pwaa!
Mate yamenikauka!
— Yameze, useme!

Hapo kale Chui aliuza uji. Kupika hakupika, hata kuni hakupasua! Aliuza jina. Ukitaka kibanda chako kiitwe Uji wa Chui, mwizi asikisogelee, unatoa kiingilio, na kila ukipika unampelekea kibuyu. Wakapika, wakapeleka. Wakapika, wakapeleka.

Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, hakuwa na kibanda. Yeye alitia mtama wake ghalani mwa Chui, akaitwa mwenye hisa. Mtama wote wa kiangazi, chakula cha wanawe! Na mwenye hisa, jamani, hula faida ikiwapo. Siku ya kugawana, wanaodai huchukua kwanza, yeye huokota kilichobaki.

Sasa Kanga alipouliza, Chui alijilamba. "Aliyeuliza asogee. Sikumsikia vizuri."

Kanga akasogea. Nyaka! Likabaki nyoya moja, linapepea.

"Kuna swali jingine?"

Nani aulize?

Pimbi akatembeza macho tu. Mizinga ile ya asali? Ya Nyegere, ya mkopo. Mihogo ile? Viingilio vya akina Ngiri, ambao vibanda vyao havijafunguliwa. Hilo ni deni, si mali! Katikati ulikaa mtungi mkubwa, umefunikwa ngozi.

"Humo mna nini, Bwana Mkubwa?"

"Jina langu. Lina thamani kuliko vyote."

Pimbi akaugonga kidogo. Kuuu! Mtupu. Akapiga magoti.

"Bwana Mkubwa, mimi nani hata niwe na hisa pamoja nawe? Ichukue. Mtama wangu uuhesabu mkopo tu, hawa wote wakiwa mashahidi."

Chui akacheka, meno yote nje. "Kajinga haka! Faida yote unaniachia?"

"Yote, Bwana."

"Nami!" wakadakia wenye hisa wengine. "Nami! Nami!" Chui akazoa hisa zote, mate yanamtoka.

"Basi wanaodai wabebe vyao," Pimbi akasema, "tushangilie kinachobaki. Chote chako."

"Wabebe!"

Nyegere akagusa mizinga: "Yangu!" Ngiri wakagusa mihogo: "Yetu!" Pimbi akagusa mtama: "Wangu!" Wenye hisa wengine nao wakagusa vyao. Wakabeba, wakatoka kinyumenyume, bila kumpa mgongo. Chui hata hakuwatazama. Aliutazama mtungi wake. Uongo wake alikwisha kuuamini mwenyewe.

Ghala likawa jeupe. Akafunua ngozi. Akatia mkono. Akatia kichwa. Akanguruma, mtungi ukamjibu: Uuuu!

Kule majabalini wana wa Pimbi walikuwa wanatafuna, kwacha kwacha.

Ngano yangu imefika mpakani, wa ng'ambo aipokee. Na funzo lake: mtoto mwema haulizi mahesabu. Humwamini mwenye makucha, akanyamaza.

Chui? Aliubeba mtungi wake mgongoni, akatoka kutafuta wenye hisa wapya. Mpaka leo hajaonekana. Anatembea, na ana njaa.

Wewe uliye karibu na mlango, tafadhali, ufunge.